NIDHAMUL MULK: WAZIRI ALIYEWAWEKEA WANAFUNZI FUNGU LAO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Katika watu walioitumikia elimu ya Uislamu wako walioitumikia kwa ulimi wao, wako walioitumikia kwa kalamu zao, na wako walioitumikia kwa mali. Anayetajwa katika kurasa hizi ni mkubwa wa kundi hilo la tatu, naye ni Waziri Abu Ali Hasan bin Ali bin Is-haq at-Tusi, aliyepewa lakabu ya Nidhamul Mulk, yaani Mpango wa Ufalme. Habari zake zina faida kwa kila jumuiya inayokusanya fedha za kusomesha watoto. Maswali yanayoulizwa leo juu ya fedha za masomo, nani alipe, nani alipiwe, na mwenye kulipa apate haki gani juu ya mwenye kulipiwa, yote yalikwisha kuulizwa katika zama zake, na maulamaa wakubwa walihitilafiana juu yake.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa mwezi 21 Mfunguo Pili mwaka 408 wa Hijra, sawa na tarehe 10 Aprili 1018, katika nchi ya Tus, iliyo Khurasani, upande wa mashariki ya kaskazini ya Iran ya leo. Baba yake alikuwa katika watu wenye mashamba na alishika kazi ya serikali, lakini mali ilimpotea. Mama yake naye alifariki na mtoto yungali ananyonya. Wanahistoria wanasimulia kwamba baba yake alikuwa akimchukua mikononi na kuzunguka naye kwa wanawake wenye kunyonyesha, nao wakimnyonyesha kwa kutaka thawabu za Mwenyezi Mungu bila ya kutaka ujira. Basi waziri huyu, ambaye baadaye alikuja kuwalisha maelfu ya watu, mwenyewe alikua kwa maziwa ya sadaka.

Alihitimu Kurani naye ana miaka 11, kisha akasoma fiqhi ya Imam Shafi, akasikiliza hadithi kwa masheikh wa Khurasani, akajifunza vizuri lugha ya Kiarabu, uandishi na hesabu. Hesabu na uandishi ndivyo vilivyomfungulia mlango wa kazi. Alianza utumishi katika dola ya Ghazna, kisha, Masaljuki walipoiteka Khurasani, akatumika katika mji wa Balkh chini ya mkubwa mmoja aliyekuwa kila mwaka akimnyang'anya alichochuma. Alipochoka na dhuluma hiyo alitoroka, akaenda Marw kwa Chaghri Bek, mtawala wa Kisaljuki. Chaghri Bek alimkabidhi kwa mwanawe Alp Arslan, na akamuusia mwanawe amweke kama mzazi.

KUSHIKA KWAKE UWAZIRI

Sultani Tughril Bek alipofariki mwaka 1063 ufalme ulimfikia Alp Arslan, na Nidhamul Mulk akawa waziri wake. Aliuondokea uwaziri huo Amidul Mulk al-Kunduri, ambaye alifungwa kisha akauawa mwaka 1064. Wanahistoria wengi wanasema kwamba Nidhamul Mulk alikuwa na mkono katika mauaji hayo. Haifai kuificha habari hiyo, kwani maisha ya wakubwa husomwa kwa mema yao na kwa mabaya yao, ili mwenye kusoma achukue mazingatio.

Al-Kunduri alikuwa ameamrisha maulamaa wa Kiashari watukanwe juu ya mimbari, na wengi wao wakazikimbia nchi zao. Mmoja wao alikuwa Imam Abul Maali al-Juwaini, aliyekimbilia Makka na Madina, akasomesha na kufutu huko, na kwa sababu hiyo akaitwa Imamul Haramain. Kijitabu chake cha Waraqat katika usuli wa fiqhi kinasomeshwa mpaka leo katika darasa za pwani ya Afrika Mashariki. Nidhamul Mulk aliikomesha fitina ile, akawarejesha wale waliokimbia, na akaondoa ushuru mwingi uliokuwa ukiwalemea wafanyaji biashara.

Mwaka 1072 Alp Arslan aliuawa, na mwanawe Malik Shah akakalia kiti naye hajatimiza miaka 20. Tangu siku hiyo hatamu za dola zilikuwa mikononi mwa waziri kwa muda wa miaka 20. Dola ile ilienea kutoka mipaka ya Uchina mpaka nchi za Sham. Husimuliwa kwamba jeshi lilipovushwa mto Jaihun likienda Samarkandi, waziri aliwalipa wenye mashua kwa hati za fedha za kupokelewa Antakia, mji ulio mbali nao kwa safari ya miezi, karibu na bahari ya Sham. Wenye mashua walimlalamikia Sultani, naye akamwuliza waziri kulikoni. Waziri akamweleza kwamba watu wale hawatahitaji kwenda Antakia, kwani wako watakaozinunua hati hizo hapo hapo kwa dhahabu taslimu. Yeye alitaka tu ijulikane na wajao nyuma ukubwa wa ufalme, na kwamba karatasi ya dola hii inaaminiwa kutoka mwisho wa nchi mpaka mwisho wa nchi. Huyo ndiye mtu aliyefahamu kwamba fedha ya serikali si lazima imfikie mtu mkononi ndipo imfae, ilimradi ahadi iliyoandikwa ni ya kweli.

MADRASA ZA NIDHAMIYA

Kabla ya zama zake mwanafunzi alikuwa akisoma msikitini au nyumbani kwa mwalimu wake. Aliyekuwa na mali alijilisha, na asiyekuwa nayo alifanya kazi mchana na kusoma usiku, au aliacha masomo akarudi kwao. Nyumba za madrasa zilikuwako, na katika mji wa Nisapuri zilijengwa kadha wa kadha kabla yake. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba Nidhamul Mulk ndiye mtu wa kwanza kujenga madrasa katika Uislamu wamekosea. Imam Tajuddin as-Subki, aliyeandika tabaka za maulamaa wa Kishafi, amelieleza jambo hili. Lakini amesema pia kwamba kwa dhana yake yenye nguvu Nidhamul Mulk alikuwa wa kwanza kuwawekea wanafunzi fungu maalumu la posho. Hapo ndipo palipo na ubora wa waziri huyu: aliyazidisha majengo, na juu ya majengo akamfikiria mwanafunzi mwenyewe, atakula nini, atalala wapi, na nani atamlipia.

Miji ambayo as-Subki ameitaja kuwa na madrasa zake ni Baghdadi, Balkh, Nisapuri, Herati, Isfahani, Basra, Marw, Amul na Mosuli. Iliyokuwa mashuhuri kuliko zote ni ya Baghdadi, iliyojengwa ukingoni mwa mto Dijla. Ujenzi wake ulianza mwaka 457 wa Hijra (1065), na ikafunguliwa mwezi wa Mfunguo Pili mwaka 459, yaani Septemba 1067.

Utaratibu wa fedha zake ulikuwa hivi. Waziri aliiwekea madrasa wakfu wa mashamba, majumba, na soko lililojengwa mlangoni pake. Pato la vitu hivyo lilikusanywa na msimamizi wa wakfu, na likagawanywa kwa mujibu wa hati iliyosomwa mbele ya watu. Mwalimu mkuu alikuwa na fungu lake, na mwenye kuwaidhi lake, na mwenye kutunza vitabu lake, na mwenye kusomesha Kurani lake, na mwenye kusomesha nahau lake. Wanafunzi nao walikuwa na lao, na vyumba vya kukaa kama ilivyo katika dakhalia za leo. Kwa hivyo mtoto wa mfanya kazi na mtoto wa tajiri waliweza kukaa juu ya jamvi moja mbele ya mwalimu mmoja.

Matunda yake yalionekana upesi. Huko Nisapuri Imamul Haramain alisomesha katika Nidhamiya mpaka alipofariki mwaka 1085, na siku hiyo wanafunzi wake, ambao walikadiriwa kuwa 400, walivunja vidau vyao vya wino na kalamu zao kwa huzuni. Katika wanafunzi hao alikuwamo kijana mmoja wa Tus, mji ule ule wa waziri, jina lake Muhammad al-Ghazali. Baba yake alikuwa maskini aliyesokota sufi na kuiuza. Alipokaribia kufa aliwausia watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu, akamwachia na kijifedha kidogo cha kuwasomeshea. Fedha ile ilipokwisha, yule rafiki aliwaambia kwamba yeye ni fakiri asiye na kitu, na kwamba lililo bora ni wajiunge na madrasa kama wanafunzi ili wapate chakula chao. Wakafanya hivyo. Al-Ghazali baadaye alikuwa akisema kwamba wao waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine, lakini elimu yenyewe ikakataa ila iwe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 1091 Nidhamul Mulk alimchagua kuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdadi, naye umri wake haujazidi miaka 34 sana, na akawa akisomesha wanafunzi 300. Lau si mkate wa madrasa, huenda mwenye Ihyau Ulumid-Din angalikuwa msokota sufi kama baba yake, wala asingalijulikana na mtu.

WALIOMPINGA NA HOJA ZAO

Hata hivyo haikuwa kila mtu aliyefurahi. Hoja zilizotolewa dhidi ya waziri zilikuwa tatu, na kila moja ni ya kuzingatiwa.

Hoja ya kwanza ilitoka kwa watu wa dola. At-Turtushi, mwanachuoni wa Andalusia aliyefika Baghdadi akasoma huko, anasimulia kwamba wasengenyaji walimwendea Malik Shah wakamwambia kuwa waziri wake anatoa katika hazina dinari 600,000 kila mwaka kuwapa wanavyuoni, wasomaji wa Kurani na masufi, na kwamba fedha hizo zingetosha kuunda jeshi la kusimamisha bendera zake juu ya kuta za Kostantinia. Hesabu hiyo ni ya msimuliaji. Sultani alimwita waziri akamwuliza. Mzee yule alijibu kwamba yeye ni mtu mzima ambaye lau angalinadiwa sokoni asingalifikia dinari tano, na Sultani ni kijana ambaye labda angalifikia dinari thelathini, na Mungu amewapa wote wawili ufalme mkubwa kuliko thamani yao. Akamwambia kwamba askari anaowategemea panga zao ni za dhiraa mbili na mishale yao haipiti dhiraa 300, nao wamezama katika anasa. Yeye amemwekea Sultani jeshi jingine, jeshi la usiku, ambalo watu wanapolala husimama safu kwa safu mbele ya Mola wao, na dua zao hufika mahali mishale isipofika. Imepokewa kwamba Sultani alilia, akamwamrisha azidishe.

Hoja ya pili ilitoka kwa maulamaa wacha Mungu. Inasimuliwa kwamba wanavyuoni wa Mawaraun-Nahri, ng'ambo ya mto Jaihun, walipopata habari kwamba wanafunzi wa Baghdadi wanapewa posho, walikaa matanga kuililia elimu. Walisema kwamba zamani elimu ilikuwa ikitafutwa na wenye himma kubwa na nafsi safi, nao hawakutaka ila elimu. Sasa ikiwa ina ujira itafuatwa na watu duni na wavivu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala haikosi kusikilizwa kila zama. Lakini kisa cha al-Ghazali ndiyo jawabu lake, kwani yeye alifuata mkate akakuta nuru.

Katika upande huo huo kuna kisa cha Sheikh Abu Is-haq ash-Shirazi, mwandishi wa Tanbih na Muhadhab, vitabu vikubwa vya madhehebu ya Shafi. Nidhamiya ya Baghdadi ilijengwa kwa ajili yake. Siku ya kufunguliwa watu walikusanyika wakimngoja, naye hakutokea. Inasemekana kwamba njiani alikutana na kijana aliyemwuliza vipi atasomesha mahali palipochukuliwa kwa nguvu kwa wenyewe, naye akarudi akajificha. Ikabidi Sheikh Ibnus-Sabbagh akalie kiti hicho kwa muda wa siku 20. Baada ya kuombwa sana, na wanafunzi wake kumtisha kwamba watamwacha, Sheikh Abu Is-haq alikubali kusomesha, na akasomesha mpaka alipokufa mwaka 1083. Lakini wanasema kwamba wakati wa sala ulipofika alikuwa akitoka akaenda kusali katika msikiti mwingine. Sheikh huyo hakuikataa kazi ya kufundisha umma, wala hakujifanya kipofu wa mahali mali ilikotoka. Hazina ya dola ilijazwa kwa jasho la wakulima na wafanyaji biashara. Mwenye kuigawa aliulizwa imepatikana vipi, na kuuliza huko hakukuwa utovu wa shukrani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kupita zote. Hati ya wakfu ilishurutisha kwamba walimu na wanafunzi wa Nidhamiya wawe wa madhehebu ya Shafi. Baghdadi ilikuwa na Mahanafi wengi na Mahanbali wengi, ambao nao walilipa kodi kama wengine. Fungu lilikuwa la yule aliyekubali sharti, na asiyekubali alibaki nje hata akiwa na akili na haja kuliko aliye ndani. Mwaka 1077 alikuja Baghdadi mwana wa Imam al-Qushairi, akawaidhi katika Nidhamiya kwa njia ya Kiashari, na Mahanbali wakakasirika. Ikatokea fujo iliyomwaga damu. Na miaka mingi baada ya kufa kwa waziri, mtaalamu mmoja wa nahau, kipofu, jina lake al-Wajih ibn ad-Dahhan, aliyekufa mwaka 1215, alitaka kazi ya kusomesha nahau katika Nidhamiya. Alikuwa Mhanbali, kisha akageuka Mhanafi, na alipoona sharti la wakfu akageuka Mshafi. Mshairi mmoja wa zama hizo alimtungia beti za kumkejeli, nazo zikaenea mjini kote. Lakini anayefikiri vizuri ataona kwamba lawama haikuwa ya kipofu yule peke yake. Fedha ikipewa sharti la itikadi, wenye haja watalinunua sharti hilo kwa ulimi, na nyoyo zao zitabaki zilipokuwa.

TABIA ZAKE

Juu ya hayo yote Nidhamul Mulk hakuwa mtu wa kupenda sifa tupu. Alikuwa akiingiliwa na Imamul Haramain au Imam al-Qushairi akisimama kwa kuwaheshimu, kisha akirudi kukaa mahali pake. Lakini akiingiliwa na Sheikh Abu Ali al-Farmadhi alikuwa akisimama, akimkalisha mahali pake, na yeye akikaa mbele yake. Alipoulizwa sababu alisema kwamba wale wakubwa wawili humsifu kwa sifa asizokuwa nazo, akatakabari. Ama sheikh huyu humwonyesha aibu za nafsi yake na dhuluma anazozifanya, akavunjika moyo na akarudi nyuma katika mengi. Mwenye kutoa fedha akimtukuza anayemkosoa kuliko anayemsifu, hiyo ni dalili kubwa ya akili.

Aliacha kitabu kwa lugha ya Kifursi juu ya siasa na uendeshaji wa dola, kinachoitwa Siyasat-Nama, alichokiandika kwa ajili ya Malik Shah. Milango yake ni 50. Humo alimweleza mfalme namna ya kuwachunga wakusanya kodi wasiwadhulumu raia, namna ya kuwapeleleza makadhi na magavana, na wajibu wa mfalme kukaa mwenyewe kusikiliza malalamiko ya wanyonge.

Aibu yake kubwa katika macho ya watu ilikuwa kuwajaza wanawe na wajukuu wake katika vyeo vya dola. Mmoja wa kizazi chake alimdharau mjumbe wa Sultani katika mji wa Marw, na Malik Shah akakasirika. Akampelekea waziri ujumbe wa kumwuliza kama yeye ni mshirika wake katika ufalme au ni mtumishi wake. Mzee alijibu kwa ukali kwamba kidau chake cha wino na taji la Sultani vimefungamana, kikiondoka hiki na lile litaondoka.

KUFA KWAKE

Katika Ramadhani ya mwaka 485 Sultani na waziri walikuwa safarini kutoka Isfahani kwenda Baghdadi. Usiku wa mwezi 10, sawa na tarehe 14 Oktoba 1092, karibu na mji wa Nihawandi, Nidhamul Mulk alikuwa amekwisha futuru, akabebwa katika machela kwenda kwenye hema la watu wake wa nyumbani. Akamjia kijana aliyevaa nguo za kisufi, akinyosha mkono kama anayetaka kutoa barua ya malalamiko. Waziri hakuwa na desturi ya kumfukuza mwenye shida. Kijana akamchoma kisu. Wanahistoria wengi wamesema kwamba alitumwa na wafuasi wa Hasan bin Sabbah wa ngome ya Alamut, na wengine wamesema kwamba mahasidi wake katika baraza, au Sultani mwenyewe, walikuwa na habari. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Alikufa na umri wake ukikaribia miaka 77 kwa hesabu ya Hijra, akazikwa Isfahani.

Malik Shah hakuishi baada yake ila siku 35 tu, na wanawe wakapigana wao kwa wao mpaka ufalme ukagawanyika. Yakawa yale aliyoyasema mzee juu ya kidau na taji.

YALIYOBAKI BAADA YAKE

Taji liliondoka, lakini soko la mlangoni mwa madrasa halikuondoka. Ibn Jubair, msafiri wa Andalusia, alipofika Baghdadi mwaka 1184, miaka 92 baada ya kuuawa kwa waziri, alikuta upande wa mashariki wa mji madrasa kama 30, na mashuhuri kuliko zote ilikuwa Nidhamiya. Aliandika kwamba zina wakfu mkubwa na mashamba yanayowapatia walimu wake riziki, na yanayotoa posho za wanafunzi wake. Wafalme wengi walikuwa wamekwisha kupita na kusahauliwa, na mwanafunzi wa Nidhamiya yungali anakula mkate wa mtu aliyekwisha kuoza kaburini. Hii ndiyo tofauti ya kutoa katika hazina mwaka kwa mwaka na kuweka wakfu. Cha hazina hufuata mapenzi ya aliye juu ya kiti, na cha wakfu hubaki na mwenyewe akiwa amekufa.

Al-Ghazali naye aliacha kiti chake cha Baghdadi mwaka 1095, akaenda Sham, na mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim akaweka nadhiri kwamba hatapokea tena mali ya sultani. Ilhali mwaka 1106, Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk, alipomsihi, alirudi kusomesha katika Nidhamiya ya Nisapuri kwa muda, kisha akarejea kwao Tus akafa mwaka 1111. Maisha yake yote yalikuwa kati ya mambo mawili hayo: umma haupati wanavyuoni bila ya mali ya kuwasomesha, na mwanavyuoni hasalimiki na mali hiyo bila ya kujihadhari.

Ama lile kosa la kufunga mlango kwa madhehebu, Waislamu wenyewe walilitengeneza. Mwaka 1234 Khalifa al-Mustansir alifungua katika mji huo huo wa Baghdadi madrasa ya Mustansiriya, akaweka wanafunzi 62 wa Kishafi, na 62 wa Kihanafi, na 62 wa Kimaliki, na 62 wa Kihanbali. Kila mmoja alipata chakula chake na dinari yake kila mwezi, pasi na kulazimika kuiacha njia aliyolelewa nayo. Ile hisani ya Nidhamul Mulk ikabaki, na lile sharti lake likaondolewa.

Mambo haya hayakuisha na zama hizo. Serikali ya Uganda ilipoanza mwaka 1997 kulipia masomo ya msingi, iliweka fungu kwa hesabu ya vichwa vya watoto walioandikishwa. Kenya iliondoa ada za msingi mwaka 2003, na Burundi mwaka 2005. Katika nchi nyingine, kama Chile tangu mwaka 1981 na Sweden tangu mwaka 1992, fedha ya serikali humfuata mtoto kwenye skuli ambayo mzazi ameichagua, hata ikiwa si ya serikali. Ziko pia nchi ambazo mzazi hupewa hati ya ada akaipeleka mwenyewe anakotaka, mfano wa zile hati za wenye mashua wa Jaihun. Na kila mahali watu hugombana juu ya yale yale: wengine wakisema fedha ya wote isiende kwenye skuli za dini, wengine wakisema mzazi mwenye kulipa kodi asinyimwe haki yake kwa sababu ya itikadi yake. Mwenye kuyasoma maisha ya Nidhamul Mulk atakuwa na mizani ya kuyapimia: Mali imetoka wapi? Inamfikia mwanafunzi mwenyewe au inaishia njiani? Inamwacha huru au inamnunua? Na aliyeitoa akifa leo, mtoto atakula kesho?

Jumuiya inayompa mtoto mmoja wa maskini ada na daftari imeshika upande mmoja wa kamba ya Nidhamul Mulk. Ikiweka nyumba au shamba la kutoa ada hiyo kila mwaka, imeshika kamba yenyewe. Na ikimpa mtoto huyo bila ya kumwuliza baba yake anasali msikiti gani, imempita waziri mkubwa kuliko wote wa dola ya Saljuki.

Mwenyezi Mungu amrehemu Nidhamul Mulk, amsamehe makosa yake, na amlipe kheri kwa kila herufi iliyosomwa chini ya mapaa aliyoyajenga. Awarehemu pia wale wanawake wa Tus wasiojulikana majina yao, waliomnyonyesha mtoto yatima wa mama bila ya ujira, kwani wao ndio waliotangulia katika kheri hiyo yote. Amin.